Kubuni Kidhibiti Thabiti cha Mfumo Usio wa Mstari: Fimbo Wima, Mota Ndogo, Hatua kwa Hatua

Mfumo wa mstari ni ule ambao ukiusukuma mara mbili zaidi, nao unaitikia mara mbili zaidi. Vyuo vingi hutumia miaka kufundisha mifumo ya aina hiyo, halafu mwanafunzi anatoka na kukutana na mashine zisizo hivyo: mkono wa roboti ambao uzito wake hubadilika kulingana na pembe, tangi ambalo maji yake hutoka kwa kasi inayofuata kipeuo cha pili cha kina, droni inayopoteza mwinuko kila inapoinama. Kidhibiti, yaani fomula inayoiamuru mashine, kilichopangwa kwa kukisia kinaweza kufanya kazi vizuri asubuhi nzima, kisha kikaangusha kila kitu pale mzigo unapoongezeka kidogo.

Katika mwongozo huu tutafuata mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, na namba zote zitatajwa ili uweze kuzirudia mwenyewe. Msimamo ninaoutetea ni huu: usitunge kidhibiti kwanza halafu ukahangaika kutafuta uthibitisho kwamba ni thabiti, yaani kwamba kinaurudisha mfumo mahali pake ukisukumwa. Anza na nishati ya mfumo, amua nishati hiyo iwe na umbo gani, na fomula ya kidhibiti itajitokeza yenyewe pamoja na uthibitisho wake. Zaidi ya hapo, uthibitisho huo utakuambia uchague namba zipi na ahadi yake inaishia wapi.

Unachohitaji ni trigonometria na kalkulasi ya sekondari ya juu, na programu yoyote ya kuigia mwendo kwenye kompyuta.

Hatua ya 1: Andika mlinganyo, kisha pima namba zake

Mashine yetu ni fimbo nyepesi yenye uzito nchani, iliyofungwa kwenye mhimili wa mota. Lengo ni kuisimamisha wima, uzito ukiwa juu. Pembe q inahesabiwa kuanzia fimbo inaponing'inia chini, w ni kasi ya pembe hiyo, na u ni torki, yaani nguvu ya kuzungusha inayotoka kwenye mota. Mlinganyo wake ni:

J·w' = u − b·w − m·g·l·sin(q)

Alama ya w' ina maana ya kasi ya mabadiliko ya w. J ni inesha, yaani ukaidi wa fimbo dhidi ya kuzungushwa, b ni msuguano, m ni uzito wa nchani, g ni mvuto wa dunia (9.81), na l ni urefu wa fimbo. Sin(q) ndiyo inayoufanya mfumo huu usiwe wa mstari.

Tuchukue uzito wa kilo 0.5 na fimbo ya mita 0.4. Basi J ni 0.5 × 0.4², sawa na 0.08, na m·g·l ni 0.5 × 9.81 × 0.4, sawa na 1.962 niutoni-mita. Nitaiita namba hii ya pili G, kwa kuwa tutaitumia mara nyingi.

Lakini usiridhike na namba za kwenye karatasi. Fimbo halisi ina uzito wake, mota ina rota inayozunguka nayo, na skrubu nazo zinahesabika. Vipimo vitatu rahisi vinatosha. Kwanza, iweke fimbo mlalo, ncha yake ikiegemea mizani, mota ikiwa haina umeme. Nguvu inayosomeka kwenye mizani ukizidisha kwa umbali hadi kwenye mhimili inakupa G moja kwa moja. Pili, iache ibembee kwa pembe ndogo chini na upime muda wa bembea moja kamili. Kwa namba zetu muda huo ni sekunde 1.27, na kwa kuwa unategemea J ikigawanywa kwa G, unaipata J. Tatu, angalia bembea linapungua nusu baada ya muda gani. Likichukua sekunde 5.5, msuguano b ni 2 × J × 0.693 ÷ 5.5, karibu 0.02.

Kipimo cha G kifanye kwa uangalifu kuliko vyote. Sababu utaiona kwenye hatua ya 7.

Hatua ya 2: Tafuta nukta msawazo na ujue adui ana kasi gani

Zima mota, yaani u iwe sifuri, kisha uliza fimbo inaweza kutulia wapi. Ni sehemu mbili tu: chini, q ikiwa 0, na juu, q ikiwa π. Chini ni thabiti. Juu si thabiti.

Tupime kosa kuanzia kileleni: e = q − π. Kwa kuwa sin(q) ni sawa na −sin(e), mlinganyo unageuka kuwa:

J·w' = u − b·w + G·sin(e)

Ishara ya uvutano sasa ni chanya: kila fimbo inapoegemea upande, uvutano unaizidisha kuelekea upande huohuo. Karibu na kilele sin(e) inakaribia e yenyewe, kwa hiyo unaweza kuunyoosha mlinganyo na kutafuta mizizi yake, yaani namba zinazoonyesha kosa linakua (chanya) au linafifia (hasi) kwa kasi gani. Mizizi ni takriban +4.83 na −5.08. Mzizi chanya ndio adui. Maana yake, bila mota, kosa dogo hujizidisha mara mbili kila sekunde 0.14. Andika namba hiyo mahali unapoiona, maana ndiyo itakayoamua kihisi chako kiwe chepesi kiasi gani na kompyuta ichelewe kiasi gani.

Wengi huishia hapa: wananyoosha, wanapanga mizizi ya mfumo ulionyooshwa, wanaondoka. Njia hiyo ni halali karibu na kilele, lakini haisemi neno la "karibu" linaishia nyuzi ngapi. Fimbo ikisukumwa nyuzi 10 itarudi? Ikisukumwa 30? Kunyoosha hakujibu.

Hatua ya 3: Chagua umbo la nishati

Mwaka 1892, mwanahisabati Aleksandr Lyapunov alitoa tasnifu yake katika mji wa Kharkov, ambao leo uko Ukraine, akionyesha jinsi ya kuthibitisha uthabiti bila kutatua mlinganyo wa mwendo. Wazo lake ni hili: tafuta kipimo kimoja, tukiite V, ambacho ni sifuri pale unapotaka mfumo utulie, ni chanya kwingine kote, na hakiongezeki kamwe mfumo unapokwenda. Ukikipata, mfumo ni kama gololi iliyo ndani ya bakuli: huhitaji kujua itapita njia gani ili uwe na hakika kwamba haitapanda juu ya ukingo.

Kigumu ni kuipata V. Hakuna kanuni ya jumla inayoitoa, na hapa wanafunzi wengi hukata tamaa kwa sababu vitabu huonyesha V iliyokamilika kana kwamba ilishuka kutoka mbinguni. Kwa mashine zinazosogea kuna mahali pazuri pa kuanzia karibu kila mara: nishati ya mashine yenyewe. Ya fimbo yetu, ukiihesabu iwe sifuri fimbo inapokuwa imesimama tuli kileleni, ni:

E = ½·J·w² + G·(cos(e) − 1)

Sehemu ya kwanza ni nishati mwendo, ya pili ni nishati tuli. Angalia sehemu ya pili: fimbo ikiinama, cos(e) inapungua na nishati inashuka chini ya sifuri. Bakuli limepinduliwa. Kilele ni mgongo wa kilima, na ndiyo maana fimbo inaanguka.

Basi tuligeuze. Ongeza springi ya kufikirika inayovuta fimbo kuelekea kileleni, yenye ugumu kp:

V = ½·J·w² + G·(cos(e) − 1) + ½·kp·e²

Kwa ufupi, V = E + ½·kp·e². Je, hili sasa ni bakuli lililokaa sawasawa? Trigonometria inatuambia kwamba 1 − cos(e) haizidi e²/2 kwa pembe yoyote. Kwa hiyo V ni kubwa kuliko au sawa na ½·J·w² + ½·(kp − G)·e². Mradi kp izidi G, V ni chanya kila mahali isipokuwa kileleni penyewe. Tumepata sharti la kwanza la ubunifu kabla hata hatujaandika kidhibiti: kp lazima izidi 1.962.

Hatua ya 4: Acha kidhibiti kijitokeze

Hesabu V inabadilikaje kwa muda. Zidisha mlinganyo wa mwendo kwa w, kisha jumlisha mabadiliko ya sehemu nyingine mbili. Vipande vya G·sin(e) vinafutana, na kinachobaki ni:

V' = w·(u + kp·e) − b·w²

Sasa swali la kidhibiti limekuwa jepesi: u iwe nini ili V' isiwe chanya? Jibu lililo wazi ni

u = −kp·e − kd·w

kwa sababu hapo V' = −(kd + b)·w², ambayo haiwezi kuwa chanya. Hiki ni kidhibiti ambacho kila fundi wa roboti anakijua: vuta kulingana na kosa, piga breki kulingana na kasi. Mwaka 1981, Takegaki na Arimoto wa Japani walionyesha kwa hoja za nishati kama hizi kwamba kidhibiti rahisi cha namna hii, kikiongezewa fidia ya uvutano, kinatosha kwa mikono ya roboti yenye viungo vingi. Watu walikuwa wakikitumia kwa mazoea tu. Baada ya hapo walijua kwa nini kinafanya kazi.

Kuna tundu moja la kuziba. V' ni sifuri kila w inapokuwa sifuri, hata kama fimbo imeinama. Je, haiwezi kukwama hapo? Hoja inayojibu swali hili ilitolewa na Barbashin na Krasovskii mwaka 1952, na LaSalle akaipanua mwaka 1960: angalia kama mfumo unaweza *kubaki* mahali ambapo V' ni sifuri. Ikiwa w inabaki sifuri, basi w' nayo ni sifuri, na mlinganyo unadai kp·e = G·sin(e). Lakini kp inazidi G, na sin(e) haizidi e kwa ukubwa, hivyo usawa huo unapatikana tu e ikiwa 0. Fimbo haina pengine pa kutulia ila kileleni.

Hatua ya 5: Chagua namba, ukianzia mzigo mbaya kuliko yote

Uthibitisho haukudai tujue G barabara. Ulidai tu kp iizidi. Hii ni zawadi kubwa, itumie. Ikiwa uzito wa nchani unaweza kufika kilo 0.8, G inafika 3.14. Chagua kp = 6 na una nafasi ya kutosha.

Kwa kd, rudi karibu na kilele ambako hesabu ya mstari inatosha. Ugumu uliobaki baada ya uvutano kula sehemu yake ni 6 − 1.962, yaani 4.038. Gawanya kwa J upate kipeuo chake cha pili: radiani 7.1 kwa sekunde. Ukitaka fimbo irudi bila kuyumbayumba sana, uwiano wa breki, yaani (kd + b) ÷ (2·J·7.1), wa karibu 0.8 unafaa, na unakupa kd = 0.9. Kwa kilo 0.8 uwiano huo unashuka hadi 0.76 tu.

Nilinganishe na njia nyingine inayopendwa sana, ya kuufuta uvutano kwa hesabu: kidhibiti kinatoa −G·sin(e) ili mlinganyo ubaki wa mstari mtupu, kisha unapanga mizizi unayoipenda. Tuseme umepanga mizizi miwili kwenye −3. Kwa karatasi ni safi kabisa. Sasa weka kilo 0.8 huku programu ikiamini ni 0.5. Uvutano ambao haujafutwa ni 3.139 − 1.962, yaani 1.177 niutoni-mita kwa radiani. Ugumu uliojipangia ni J × 9, yaani 0.72. Uvutano unashinda, fimbo inaanguka. Kosa si la njia yenyewe. Inafaa kabisa pale vigezo vinapojulikana vizuri. Lakini mizizi mizuri ya karatasini haikukuonya, ilhali sharti la kp kuizidi G lilikuonya kabla ya kuanza.

Kufuta kuna hasara nyingine inayosahaulika: unaweza kufuta kitu kinachokusaidia. Chukua mfumo x' = x − x³ + u. Ukifuta kila kitu utatumia u = x³ − 2x, na x ikiwa 10 utahitaji msukumo wa 980. Ukichagua V = ½x² na kuitazama, utagundua kwamba −x³ tayari inavuta kuelekea sifuri. U = −2x inatosha, na pale pale msukumo ni 20 kwa ukubwa. Kabla ya kufuta kipande chochote kisicho cha mstari, kiulize kama ni rafiki au adui.

Hatua ya 6: Weka kikomo cha mota ndani ya hesabu

Mpaka hapa tumejifanya mota inatoa chochote tunachoiomba. Fimbo ikianza chini, kosa ni π, na kidhibiti kitaomba 6 × 3.14, karibu niutoni-mita 19. Mota yetu tuseme inatoa 1.2 tu. Kwa torki hiyo haiwezi hata kuishikilia fimbo ikiwa imeinama zaidi ya nyuzi 37.7 kutoka kileleni, kwani 1.2 ÷ 1.962 ndiyo sin ya pembe hiyo.

Kupuuza vikomo kumeangusha mashine kubwa kuliko hii. Tarehe 8 Agosti 1993, ndege ya kivita ya Uswidi aina ya JAS 39 Gripen ilianguka katikati ya Stockholm wakati wa maonyesho. Amri za rubani na za kompyuta ya urukaji zilidai mabapa ya kuongozea yasogee haraka kuliko yalivyoweza. Yakafika kikomo cha kasi yao, majibu yakachelewa, na ndege ikapoteza uthabiti. Rubani aliruka na kiti chake akapona. Sheria za udhibiti zilizo thabiti chini ya kikomo si lazima zibaki thabiti mashine inapokifikia.

Tafuta basi eneo ambamo mota haitafika kikomo. Ukichora eneo lote lenye V isiyozidi c, swali ni: ndani yake, kp·e + kd·w inaweza kufika ngapi? Kwa kutumia kiasi cha chini cha V tulichokipata kwenye hatua ya 3, ukubwa wake hauzidi kipeuo cha pili cha

2c × (kp² ÷ (kp − G) + kd² ÷ J)

ambayo kwa namba zetu ni 38.1 × c. Ikitakiwa isizidi 1.2, c haiwezi kuzidi 0.0378. Tuchukue 0.037. Kwa kuwa V haiongezeki, fimbo ikiingia humo haitoki tena, na kila torki itakayoombwa mota inaiweza. Fimbo ikiwa tuli, eneo hilo linafika nyuzi 7.8 kila upande. Ikiwa wima, linaruhusu kasi ya radiani 0.96 kwa sekunde.

Eneo halisi ni pana zaidi, kwa sababu hesabu hii ni ya tahadhari. Lakini nyuzi 7.8 zimethibitishwa, zilizobaki ni za kujaribu.

Hatua ya 7: Ifikishe fimbo kileleni kwa nishati hiyohiyo

Mota isiyoweza kuinyanyua fimbo kwa mkupuo inaweza kuibembeza. Åström wa Uswidi na Furuta wa Japani ndio walioieneza njia hii ya kudhibiti nishati badala ya pembe. Chini, fimbo ikiwa tuli, E ni −3.924 jouli. Tunaitaka iwe sifuri. Mabadiliko ya E ni rahisi ajabu:

E' = w·(u − b·w)

Chagua u = −k·E·w + b·w na E' inakuwa −k·E·w². E ikiwa hasi inapanda, ikiwa chanya inashuka. Ukiibana u isizidi 1.2, ishara ya E' haibadiliki, kwa hiyo hoja inasimama. Msuguano mkubwa kuliko wote, fimbo ikipita chini kwa radiani 9.9 kwa sekunde, ni niutoni-mita 0.2 tu, na mota inaumudu.

Kwa k = 5, fimbo yetu itapanda karibu nyuzi 80 upande mmoja, kisha kwenye bembea la kurudi itapata nishati ya kutosha kufika juu. Jambo moja: ikiwa tuli kabisa chini, w ni sifuri na kidhibiti hakitoi kitu. Ipe msukumo mdogo wa kuanzia.

Sasa ule uhusiano wa V = E + ½·kp·e² unatulipa. Tunataka bembea lipite ndani ya eneo la V ≤ 0.037. Ikiwa E ni chanya, fimbo itavuka kilele, na pale e inapokuwa 0, V ni E yenyewe; basi E isizidi 0.037. Ikiwa E ni hasi kidogo, fimbo itasimama kabla ya kilele, na ukifanya hesabu ya pembe itakaposimamia utaona V hapo ni karibu mara 2.06 ya upungufu. Basi upungufu usizidi 0.018. Dirisha ni kati ya −0.018 na 0.037 jouli. Usilenge sifuri, lenga 0.01, karibu na katikati.

Hapa ndipo kipimo cha G kinapodai haki yake. Kosa la asilimia 1 kwenye G linaleta kosa la jouli 0.039 kwenye tofauti ya nishati kati ya chini na juu. Hilo pekee linatosha kulikosa dirisha. Kushika kileleni kunavumilia G isiyojulikana vizuri, kubembeza hakuvumilii.

Hatua ya 8: Andika programu

```
soma q
e = kunja(q − π)            # iwe kati ya −π na π
w = kasi iliyochujwa
E = 0.5*J*w*w + G*(cos(e) − 1)
V = E + 0.5*kp*e*e
kama hali = BEMBEA na V <= 0.037:  hali = SHIKA
kama hali = SHIKA na |e| > 0.5:    hali = BEMBEA
kama hali = SHIKA:  u = −kp*e − kd*w
la sivyo:           u = −k*(E − 0.01)*w + b*w
u = bana(u, −1.2, 1.2)
tuma u kwa mota
```

Mpaka wa kutoka umewekwa mbali na wa kuingia makusudi, ili programu isirukeruke kati ya hali mbili. Radiani 0.5 ni nyuzi 29, bado chini ya zile 37.7.

Mzunguko wa mara 200 kwa sekunde unatosha. Shida itakayokukuta mapema ni kasi. Enkoda, yaani kihisi cha pembe, yenye hatua 2000 kwa mzunguko inaona pembe kwa vipande vya radiani 0.00314. Ukigawanya kipande kimoja kwa sekunde 0.005 unapata ruko la radiani 0.63 kwa sekunde, na ukizidisha kwa kd ni torki ya 0.57, karibu nusu ya uwezo wote wa mota. Mota itanguruma na kupata moto. Dawa ni kichujio:

τ·v' = −v + w

ambapo τ ni muda wa kulainisha na v ni kasi iliyolainishwa; kisha tumia v badala ya w kwenye breki. Kwa τ ya sekunde 0.02, ruko linashuka hadi karibu robo.

Je, kichujio kimeharibu uthibitisho? Wengi wanaogopa hivyo. Ongeza kipande kimoja kwenye bakuli, ½·kd·τ·v², na ufanye hesabu upya: V' inakuwa −b·w² − kd·v². Bado haiongezeki, kwa τ yoyote. Sikupitia kitabu chochote cha kanuni hapa, ni nishati ileile imeongezewa chumba kimoja. Ila uthibitisho huu ni wa muda usiokatika, kana kwamba kompyuta inasoma na kuamuru bila kupumzika. Ucheleweshaji wa mawasiliano na wa kompyuta hauko ndani yake. Weka ucheleweshaji wote chini ya sekunde 0.02, ukikumbuka kwamba kosa hujizidisha mara mbili kila sekunde 0.14.

Hatua ya 9: Kosa linalobaki

Ikiwa kuna msukumo wa kudumu, mfano waya unaovuta fimbo kwa niutoni-mita 0.1, fimbo itatulia ikiwa imeinama 0.1 ÷ 4.038, yaani nyuzi 1.4. Kipande cha kujumlisha kosa kwa muda kitaliondoa. Kizidishi chake, tukiite ki, kisizidi (kd + b)·(kp − G) ÷ J, ambayo ni 46. Anza na 5. Kiwashe ukiwa kwenye hali ya SHIKA tu, na usimamishe kujumlisha mota inapofika kikomo, la sivyo kitajilimbikiza na kuirusha fimbo upande wa pili.

Hatua ya 10: Jaribu uthibitisho, si kidhibiti tu

Anza kwenye uigaji wa kompyuta. Chora V dhidi ya muda kila mara fimbo inaposhikwa. Ikipanda hata mara moja bila mota kufika kikomo, kuna kosa la ishara, la kizio, au la muda, na grafu ya pembe peke yake isingekuonyesha. Sijui kifaa bora cha kusaka makosa kuliko mchoro huu. Anzisha fimbo kutoka kila pembe na kila kasi kwa gridi, utie alama zinazofika kileleni, kisha ulinganishe na eneo la 0.037. Likitokea hata doa moja ndani ya eneo ambalo halikufika, simama hapo.

Kwenye mashine halisi, kabla ya kuunganisha mrejesho, yaani kabla kidhibiti hakijaanza kuiamuru mota, isogeze fimbo kwa mkono na uhakikishe ishara ya e na ya w. Kisha ipe mota torki ndogo chanya uone kama pembe inaongezeka. Swichi ya kukata umeme iwe mkononi. Jaribu SHIKA kwanza ukiwa umeishika fimbo karibu na kilele, na BEMBEA baadaye.

Mwisho ongeza uzito nchani kidogokidogo. Sharti la kp kuizidi G linatabiri kwamba kwa kp = 6 fimbo ya mita 0.4 haiwezi kushikwa ikifika kilo 1.53. Kabla ya hapo utaiona ikidhoofika: kwa kilo 1.2, ukirudia hesabu ya hatua ya 6, kasi ambayo eneo lililothibitishwa linairuhusu fimbo ikiwa wima inashuka hadi radiani 0.48 kwa sekunde, na msukumo uleule wa waya unaiinamisha zaidi ya nyuzi 4. Andika kila uzito na pembe iliyotulia. Ikiwa fimbo inaanguka mbali sana chini ya kilo 1.53 hata bila kuguswa, usiongeze kp. Rudi upime ucheleweshaji, kisha torki halisi ya mota ikiwa imepata moto.